Onyesho la Filamu ya Kanehsatake: Limefana, Ila Ukalimani Ulizidi

Kikundi cha kujitolea kilichoandaa onyesho hili la bure kinastahili pongezi, kwanza kabisa kwa kuiacha filamu ya Alanis Obomsawin ya mwaka 1993, "Kanehsatake: 270 Years of Resistance", ichezwe yote kwa dakika zake 119. Filamu hii haivumilii kukatwa, kwa kuwa nguvu yake imo katika kungoja: ni mvutano wa siku 78 wa mwaka 1990 kati ya Wamohawk wa Kanehsatake, ambao ni wenyeji asilia, na dola la Kanada, ulioanza baada ya mji wa Oka, mkoani Quebec, kutaka kupanua uwanja wa gofu kutoka mashimo 9 hadi 18, ndani ya msitu wa misonobari ulio jirani na makaburi ya wazee wao.

Obomsawin, ambaye mwenyewe ni Mwabenaki, yaani wa taifa jingine la wenyeji asilia, alibaki na kamera ndani ya vizuizi vya Wamohawk, na ndiyo maana tunawaona wanajeshi wakitandaza seng'enge zenye wembe hatua chache tu kutoka kwa watu wanaowazingira. Kwenye skrini kubwa, nyuso za pande zote mbili zilisomeka vizuri.

Kasoro iliyoniuma ni ukalimani. Mkalimani aliijua kazi yake, lakini alisema mfululizo kwenye kipaza sauti hata pale picha ilipojitosheleza, na hivyo akafunika sauti za wanawake waliotangulia mbele kuwakabili polisi alfajiri ya tarehe 11 Julai. Manukuu chini ya skrini yangetosha. Ramani nayo ilihitajika, kwani asiyejua kwamba Kahnawake ni jamii nyingine ya Wamohawk, ng'ambo ya mto kutoka Montreal, hawezi kuelewa kwa nini wakazi wake walifunga daraja la Mercier kuwaunga mkono wenzao.

Mjadala ndio ulionifurahisha zaidi. Mama mmoja aliuliza kama ardhi ilirudishwa, na mwongozaji wa mjadala akamjibu bila kupamba: upanuzi wa uwanja ulifutwa na serikali kuu ikainunua ardhi ile, lakini madai ya umiliki, ambayo mizizi yake ni hati ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1717 iliyowapa mapadri eneo hilo, hayajamalizwa. Mikono mingi ilikuwa bado juu muda wa ukumbi ulipokwisha, kwa hiyo nawaomba waandaaji wafupishe hotuba za ufunguzi na kuanza mapema zaidi safari ijayo.