Ecowitt WS69 na GW1100: kituo cha hali ya hewa kwa klabu ya mashua

Klabu inayotaka wanachama wauone upepo kwenye simu kabla hawajatoka nyumbani haihitaji zaidi ya hiki. WS69, yenye vipimio vya upepo na mvua, hukaa juu ya mlingoti; GW1100 hukaa ndani, huvipokea vipimo kwa redio na kuvipeleka mtandaoni. Vyote viwili havifiki dola 200 kabla ya usafiri na ushuru. Vantage Vue, kituo cha kampuni ya Davis, ni kama mara mbili au zaidi. Unachokosa ni kasi ya taarifa: Davis hutuma upepo kila sekunde 2.5, WS69 kila sekunde 16. Kuamua kama leo ni siku ya kutweka tanga, hakuna neno. Kuanzisha mashindano, kamati ibaki na kipimaupepo cha mkononi.

Unaponunua, hakikisha vyote viwili ni vya masafa mamoja ya redio, MHz 433, 868 au 915. Vikitofautiana havisikilizani hata vikiwa meza moja.

Pesa iliyookolewa iende kwenye mlingoti. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka upepo upimwe mita 10 juu ya ardhi, mbali na kizuizi mara 10 ya kimo chake. Mnazi wa mita 12 unadai mita 120, na viwanja vya namna hiyo ufukweni ni adimu. Ndiyo maana ncha ya gati inafaa kuliko paa. Mlingoti wa bomba la mita 5 pale hupunja kama asilimia 10 tu, kusi ya noti 20 (maili za baharini kwa saa) ikasomeka 18. Juu ya paa la makuti upepo hupanda na kujizungusha, mshale hautulii, na hakuna hesabu ya kurekebisha hilo.

Alama ya N ielekee kaskazini, lakini dira usiitumie pembeni ya bomba: chuma huivuta. Simama mita kadhaa nyuma, tafuta kwa dira kitu kinachoonekana ng'ambo upande wa kaskazini, kisha elekeza N ya kifaa huko. Povu la pimamaji likae katikati, la sivyo mvua itahesabiwa vibaya. Kitako cha bomba kiwe na bawaba, watu wawili waweze kulilaza.

Mtengenezaji anataja mita 100 za mawasiliano mahali pa wazi. Ukuta wa matumbawe na mabati huzila haraka, kwa hiyo GW1100 ikae dirishani. Inashika waifai ya 2.4 GHz pekee; ruta ikichanganya na 5 GHz, zitenganishe. Programu ni WS View Plus, na vipimo vya upepo uviweke kwenye noti.

Umeme ukikatika data za saa hizo zimepotea, kwani GW1100 haina kumbukumbu. Pavabanki, ile betri ya kuchajia simu, husaidia, ila nyingi hujizima zenyewe kwa sababu kifaa hiki kinakula umeme kidogo mno. Ijaribu usiku mzima kwanza.

Kila miezi mitatu laza bomba, osha chumvi kwa maji yasiyo ya bahari, toa buibui na kinyesi cha ndege kwenye faneli ya mvua. Bendera ikipepea kwa umande, upepo wa alfajiri utokao bara, na simu inasema sifuri, beringi za vikombe vinavyozungushwa na upepo zimeshika chumvi.