Mti mdogo wa matawi yanayoning'inia: ununue upi?

Kitaluni kila mche unaoning'inia unapendeza. Kwa mwenye kiwanja cha 20 kwa 20, swali ni mizizi itakwenda wapi na mti utaishia kimo gani, na hayo muuza miche hakwambii usipomuuliza.

Chaguo langu la kwanza ni botobrashi, ule wenye maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Asili yake ni mashariki mwa Australia, na bustanini wengi huishia mita 4 hadi 6. Unapenda jua kali, ukishashika mizizi unavumilia kiangazi, na ukichanua, ndege aina ya chozi hawabanduki. Hakikisha ni ule wa kuning'inia, maana kuna mwenzake wa matawi yaliyosimama na miche yao hufanana mno. Chukua wa kipandikizi, si wa mbegu: wa mbegu huchelewa kuchanua, na huenda usiiname kama mama yake. Mche mdogo uliokwisha kutoa maua ni dalili nzuri.

Duranta unafuata. Huu ndio mdogo kweli, mita 2 hadi 4, maua ya zambarau na vishada vya matunda ya rangi ya dhahabu. Unashika kwa urahisi kutokana na tawi, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa mwombe jirani. Lakini matunda hayo yana sumu. Nyumba yenye watoto wa kutambaa iuruke.

Mwashoki naupa nafasi ya tatu, kwa ajili ya wembamba wake tu. Unakaa vizuri kando ya ukuta, ila unapita mita 10, na ukizaa, popo watakuchafulia gari.

Mpilipili wa Peru ni mzuri kuliko yote hii, nakiri, lakini hukua mkubwa na mizizi yake huandama mabomba. Mwerebi nao ni wa kando ya mto. Karibu na karo la choo usiuthubutu.

Kabla ya kulipa, pindua kiriba, yaani mfuko wa mche. Mizizi ikiwa imejizungusha chini, dai mche mwingine. Ukipanda botobrashi, ufunge kwenye kigingi mpaka shina lisimame lenyewe, la sivyo utabaki kichaka.