"Umelipia moja umepewa mbili": uzoefu wangu na pedi za kutengenezea biti

Nianze na kifaa chenyewe ili nisionekane nina chuki binafsi. Ni kizuri. Kina pedi 16, yaani vitufe vya mpira unavyovipiga kwa vidole kama ngoma, kinaingia kwenye begi la laptopu, ukikichomeka kompyuta inakitambua bila maswali. Kwa mtu anayeanza kutengeneza biti sioni sababu ya kukikataa. Sifa nyingine zote zimejaa mtandaoni, mtazisoma wenyewe. Mimi nimekuja kuongelea vitu viwili tu: pedi namba 1, na yule jamaa wa dukani Kariakoo.

Pedi namba 1 ni ile ya chini kabisa, kona ya kushoto. Aliyewahi kugusa hizi mashine ameshanionea huruma. Mpangilio wa pedi nne kwa nne tumeurithi kutoka mashine ya biti ya MPC60 ya Akai, ile aliyoibuni Roger Linn ikatoka mwaka 1988, na hadi leo watu wengi kiki, ule mdundo mzito wa ngoma kubwa, wanaiweka kwenye hiyo kona. Pedi ya juu kulia ikiwa mbovu unaweza kuishi nayo hata mwaka mzima, unaitupia mluzi au sauti ya "twende!" ambayo utaitumia mara moja kwenye wimbo. Kiki utaikimbilia wapi?

Ubovu wenyewe ni huu: unaipiga mara moja, inalia mara mbili. Tena si kila mara. Ingekuwa kila mara ningejua nina kitu kibovu, nikalala. Hii inakaa vizuri, inakaa vizuri, unajisahau, unawasha kurekodi, halafu inakuchomekea ya kwake. Kwenye FL Studio, programu ninayotengenezea biti, unaiona kabisa kwa macho: noti yako imekaa pale ulipoipiga, na nyuma yake kuna kanoti kembamba, kamebanana nayo, sauti yake ndogo. Ukiwa unatengeneza biti ya polepole unakafuta, maisha yanaendelea. Mimi natengeneza singeli. Singeli ikitembea kwa mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 75. Hapo hakuna nafasi ya mgeni. Hako kanoti kakiingia, mdundo wote unajikwaa kama mtu aliyekatikiwa ndala akivuka barabara.

Sasa tuje dukani.

Kariakoo mnaijua. Hujamaliza kuvuka barabara, winga ameshakudaka. "Kaka, unatafuta nini? Studio? Studio ninayo yote." Hana studio, hana hata fremu, ana mdomo na miguu, na cha juu chake kiko ndani ya bei utakayotajiwa. Sina ugomvi na mawinga, nao wanatafuta riziki, na huyu wangu alikuwa mcheshi. Alinipandisha ngazi mpaka kwenye duka lililojaa maiki kuanzia sakafuni hadi darini.

Muuzaji alipoambiwa huyu kijana anaanza uprodyuza, hakuniuliza natengeneza muziki gani, wala nina kompyuta ya namna gani. Alianza kupanga mabox juu ya kaunta. Maiki ile nyeusi yenye wavu wa dhahabu. Mkono wa kukunja. Kitambaa cha duara cha kuzuia mate. Na kale kamashine ka sauti kenye vitufe vya makofi na vicheko, ambako watu wanakatumia wakiwa laivu mitandaoni. "Hii ndiyo seti kamili ya prodyuza." Kitufe cha vicheko, jamani, kwenye biti ya nani?

Hapa niweke jambo moja kwa wanaoanza, halafu nirudi kwenye hasira zangu. Maiki ni ya kurekodi mwimbaji. Kama hurekodi mwimbaji, huihitaji leo. Biti inatengenezwa kwa kompyuta, programu na hedifoni. Hedifoni iwe ya waya, kwa sababu ya bluetooth inachelewesha sauti: unapiga sasa, unasikia baadaye, unadhani mkono wako ndio mzito. Usichanganye besi kwa kusikiliza sabufa ya sebuleni, ile kazi yake ni kukufurahisha. Na programu, FL Studio unaipakua na kuijaribu bure. Ina vitu vyote, isipokuwa kazi uliyoihifadhi haitafunguka tena mpaka ulipie. Ukija kulipia, soma vizuri, maana toleo la chini kabisa, la Fruity, halina kurekodi sauti. Lakini ukishalinunua toleo lako, matoleo mapya unapewa bure maisha. Singeli iliyotoka Mburahati, hapa hapa Dar, ikabebwa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mpaka Ulaya haikutengenezwa na seti kamili ya mtu yeyote. Kompyuta za kawaida tu, zinazopumulia feni la mezani.

Kwa hiyo nikamwambia, kaka, mimi nataka pedi tu. Uso ukabadilika. Akayarudisha mabox yake kwa kishindo, akatoa la pedi, limefungwa nailoni yake vizuri, linang'aa. Nikaomba tulifungue nijaribu, laptopu nilikuwa nayo begani. Akanijibu, "Ukifungua umenunua." Hivyo tu. Kitu cha Sh. 280,000 hujaruhusiwa kukigusa, lakini kandambili za elfu tatu pale chini mtaani unazivaa unatembea nazo mpaka uridhike.

Halafu likaja lile swali lao. "Unataka na risiti au bila risiti?" Nikasema na risiti, ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tena nikaisubiri itoke. Nikaipiga picha palepale, kwa sababu zile karatasi ukiziweka mfukoni na joto hili la Dar zinafutika zinabaki nyeupe. Mtaona mbele kwa nini nasema hivyo.

Nyumbani wiki ya kwanza nilidhani ni mimi. Nikasoma, nikakuta kuna mipangilio ya kupunguza wepesi wa pedi, ili mguso mdogo usihesabike. Nikapunguza. Pedi nyingine 15 zikawa nzito kama zimelala, namba 1 ikaendelea na mambo yake. Nikabadili waya. Nikabadili tundu la USB. Nikaazima laptopu ya binamu yangu. Palepale.

Basi nikarudi dukani, na kwa heshima zote. Nikasalimia, nikaeleza, nikafungua laptopu juu ya kaunta. Jamaa anakula chipsi mayai, hata kijiti hakukiweka chini. Akanyoosha kidole kimoja, chenye mafuta, akabonyeza pedi yangu.

"Si inalia?"

"Inalia, kaka, lakini inalia mara mbili."

Akawageukia wateja wengine kwanza, ahakikishe wanasikia. "Sasa dogo, umelipia moja umepewa mbili, unalalamika nini?"

Duka zima likacheka. Winga wangu yule mcheshi naye yumo, anacheka. Na mimi, najichukia kwa hili mpaka leo, nikatabasamu.

Hakuishia hapo. Akasema siku hizi kila anayejua kuwasha laptopu ni prodyuza. Akasema hiki si kigodoro, nitakuwa nimekipiga na magongo. Nikamtolea risiti. Karatasi yenyewe ilishafifia kama nilivyojua itafifia. Akainyanyua juu kwenye taa, akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii ni karatasi tupu, dogo." Nikamwonyesha picha kwenye simu. Jibu: waranti ni ya kampuni, duka halina waranti. Kampuni yenyewe iko wapi? "Iko kwao." Na kibao kipo ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, kimeandikwa kwa kalamu nene, kwa hiyo ndiyo sheria ya nchi sasa.

Kulikuwa na dada mmoja pale kaunta, nadhani ndiye anayetunza hesabu. Alinitazama kwa namna ya kuniambia pole. Huyo peke yake ndiye aliyejua mteja ni nani, na hakuwa na mamlaka ya kusema neno.

Mpaka hapo, nikiri, hukumu yangu ilikuwa hivi: kifaa kizuri, huduma mbovu. Nyota nne kwa kifaa, sifuri kwa duka. Pedi zinaweza kuharibika, ni vitu vya kupigwa, vinatoka kiwandani kwa maelfu, kimoja kitakosea. Ningenyamaza.

Halafu nikakipeleka kwa fundi.

Ni fundi redio wa Mwananyamala, mtu mzima, anatengeneza amplifaya za misikitini na za makanisani bila ubaguzi. Shikamoo mzee. Marahaba, tuone ugonjwa. Akakipindua kifaa, akachukua bisibisi, na kabla hajafungua chochote akaniuliza, "Nani alikifungua hiki?" Nikamwambia hakuna, kimetoka dukani kwenye nailoni. Akanivuta nione. Skrubu za chini zote kichwa chake ni cha nyota. Moja, ile ya karibu na pedi namba 1, ni ya msalaba. Na nyingine kichwa chake kimeshalika, mtu aliilazimisha na bisibisi isiyo yake. Pembeni kwenye plastiki kuna mkwaruzo wa kubanduliwa.

Tulipofungua, chini ya mpira wa pedi kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye madoa meusi ya kaboni. Ndiyo inayopima unavyokandamiza. Chini ya pedi namba 1 ile karatasi ilikuwa na kunyanzi, imekunjwa mtu akairudisha vibaya. Ukipiga, inagusa, ukiachia, kunyanzi linarudi linagusa tena. Moja unapewa mbili.

Mnaelewa nilichouziwa? Kile kifaa kilishanunuliwa na mtu mwingine, kikamsumbua, kikarudishwa au kikauzwa tena, wakakifungua wenyewe wakashindwa, wakakivisha nailoni mpya kwa joto, wakakiweka rafu moja na vipya. Ndiyo maana "ukifungua umenunua". Ndiyo maana ile kejeli ilikuja haraka vile, mdomoni ilikuwepo tayari. Alijua! Alikuwa anajua wakati anabonyeza na kidole cha chipsi kwamba kitalia mara mbili.

Kwa hiyo ile nyota nne ya hapo juu naifuta. Au, sijui. Kifaa kina kosa gani hapo? Kiwandani kilitoka kizima. Mzee alilinyoosha lile kunyanzi, akabandika utepe mwembamba wa umeme kwa nyuma likae sawa, akanitoza Sh. 15,000, na tangu siku hiyo namba 1 inalia kuliko zote. Nimejenga nayo biti ambayo mtaani wanaiomba. Nyota tano basi. Lakini nikikumbuka duka lilivyocheka naona hata moja ni nyingi, na nikiona picha ya kile kifaa mahali popote damu inapanda.

Anayeanza atafanyaje? Wiki zile zote nilizokuwa bila pedi nilikuwa napiga ngoma kwa vitufe vya kibodi ya laptopu, FL Studio inaruhusu, na biti zilitoka. Kwa hiyo ningekwambia usinunue pedi kabisa mwaka wa kwanza. Lakini nitakuwa nakudanganya kidogo, kwa sababu ukishazizoea pedi vidole vinafikiria vyenyewe, na mimi sirudi kwenye vitufe. Nunua. Ila nunua kwa mtu atakayekuacha uchomeke laptopu yako ugonge zote 16, moja baada ya nyingine, kwa nguvu na kwa taratibu, na ukague skrubu chini. Akikataa, toka, hata kama winga ameshakuletea soda. Tena afadhali hata kilichotumika, ununue kwa prodyuza anayekubali kwamba kimetumika.

Nimeambiwa niyaache yapite, pedi si imepona? Sasa inapiga vizuri, nagombana nini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC, Tume ya Ushindani, ipo kwa ajili hiyo. Risiti ya EFD ninayo kwenye simu. Picha za ile skrubu ya msalaba ninazo, mzee alinishikia tochi nikazipiga vizuri. Sidai hata hela zote. Nataka Sh. 15,000 ya fundi, na nataka anipe mbele ya wateja, kwa mkono uleule. Wiki hii napita tena pale, na safari hii naenda saa ya chakula makusudi, duka likiwa limejaa.