Lodge ya Naluwerere: katogo nyota tano, maji ya moto nyota mbili

Mi nasukuma trela Mombasa–Kampala na hapa Naluwerere, kituo cha malori pale Bugiri, Uganda, nimelala mara zaidi ya ishirini, jina la lodge silitaji sababu najua bosi atawasumbua watu. Rumu ni 25,000 ya Uganda, shuka safi, paking iko na askari ambaye kweli halali. Maji ya moto usiulize, wanasema yapo halafu unaletewa nusu ndoo. Lakini katogo ya asubuhi, matoke na utumbo, aisee hiyo peke yake inanifanya nipite mpaka wa Malaba usiku nisiikose.

Sasa wafanyakazi. Mama wa jikoni ni mtu wa miaka sitini hivi, ana sukari, na mpaka leo dirisha la kupitishia sahani ameacha ile nailoni ya 2020, imekuwa njano kwa moshi, ukimwambia aitoe anakuangalia tu. Simlaumu. Mwaka ule sisi madereva ndio tulikuwa korona yenyewe, unapimwa mpakani, unakaa kwenye foleni siku na siku, ukifika mji hakuna anayetaka ushuke kwenye gari. Yeye alikuwa ananiwekea chai juu ya pipa pale nje, anarudi nyuma hatua kadhaa, ndio nachukua. Wengine hata chai hawakutoa.

Weita ni kijana wa ishirini na kitu, mchangamfu, oda hakosei. Wiki ile Januari 2025 serikali ilipotangaza Ebola Kampala nilifika hapa nikitoka huko huko. Mama kabla hata ya salamu: "Dereva, ulilala wapi? Hospitali ya Mulago ulipita?" Kijana akangoja mama aingie ndani, akaniinamia kama ananiuliza siri: "Dere, unasikia watafunga?"

Nikamwelewa baadaye. 2020 alikuwa lodge nyingine, ikafungwa Machi na mshahara wa mwezi ule hakuuona, akarudi kwao kulima, akaitwa tena kazini, hajakaa vizuri Juni 2021 ikaja lokdauni ya pili ile ya siku 42. Kwa hiyo mama anaogopa ugonjwa, huyu anaogopa kufuli la mlangoni, na wanafanya kazi jikoni moja. Safari iliyopita nilimkuta nyuma ya jenereta anakohoa kwenye kitambaa ili mama asisikie. Bosi anasema anayeumwa abaki nyumbani, sawa, lakini siku hiyo hulipwi, sasa nani atabaki? Hapo nimekata nyota moja na ni ya bosi, si ya kijana.

Ukija omba rumu za mbele, za nyuma jenereta litakunyima usingizi. Tipu mpe kijana mkononi, isipitie kaunta. Na ukimaliza chai usimpelekee mama kikombe dirishani, weka juu ya pipa, bado liko pale pale.