Fundi wa redio za mbao, Chang'ombe Dodoma: anasafisha bila kukwangua

Wenzangu wenye ugonjwa wa redio za zamani, zile za mezani za mbao za valvu (vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, kabla ya transista), Philips, Grundig, Telefunken na ndugu zao, najua shida yetu ni moja, kumpata mtu wa kukushikia boksi la redio asikuharibie. Sasa hapa Dodoma yupo mzee mmoja mitaa ya Chang'ombe, seremala wa siku nyingi, ana kibanda cha mabati jirani na mafundi makochi, bango hana, wewe ukifika ulizia mzee wa redio utaonyeshwa. Nimempelekea kazi zaidi ya moja kwa hiyo nasema nilichokiona.

Kilichonifanya nimwandike ni kwamba huyu mzee msasa haugusi. Mafundi samani wengi ukiwapa redio ya mbao kwao ni kazi kama kazi nyingine, wanapiga msasa mpaka mbao inakuwa nyeupe afu wanamwaga vanishi, inang'aa kweli, wageni sebuleni watasifia, ila kwa anayekusanya hiyo redio ishakwisha. Rafiki yangu wa Kisasa alipeleka Telefunken yake kwa fundi mmoja simtaji, ikarudi na rangi ya mlango wa gesti. Lile boksi sio mbao nzima jamani, ni plaiwudi imebandikwa vinia juu, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri, na vinia yenyewe mara nyingi haifiki hata milimita moja, msasa ukipita kwenye kona mara mbili tatu umeshatokea upande wa pili. Afu kuna hili ambalo wengi hawalijui, ile kahawia iliyoiva pembezoni kwenye redio nyingi haipo kwenye mbao, kiwandani waliichanganya kwenye laka, yaani ule mpako wa juu unaong'aa, wakaipuliza, so ukikwangua laka umekwangua na rangi, na jina la kampuni lile la dhahabu kama limebandikwa tu juu ya mbao nalo linaondoka, hulipati tena.

Mzee yeye anaanza kwa kuuliza redio ilikuwa inakaa wapi, jikoni, sebuleni au stoo. Afu anaigeuza, anachukua kijiti cha masikio anachovya kwenye spiriti anagusa chini kabisa kwenye kona ya nyuma pasipoonekana. Pakianza kunata ni sheleki, yale magamba ya rangi ya asali yanayoyeyushwa kwenye spiriti. Pasiponata anajaribu thina, tone moja tu, pakiyeyuka ni laka ya selulosi. Zikigoma zote mbili basi ni poliesta, ile ngumu ya redio za Kijerumani za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 50 ambazo zinang'aa mpaka unajiona sura. Hapo ndo anajua atumie nini na asitumie nini, na bei anakupa baada ya hapo, sio kabla.

Philips yangu nilinunua Kongwa kwa mama mmoja aliyekuwa anaifanya kabati la dawa. Aisee Kongwa kule kila anayeuza kitu cha zamani atakwambia ni cha wazungu wa mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951, msikubali kirahisi, hii yangu niliambiwa hivyohivyo wakati ina bendi ya FM, na redio za mezani zenye FM zimeenea Ulaya miaka ya 50 karanga zishawashinda kitambo. Anyway redio ni nzuri, ina jicho la kijani lile linalofumba ukiipata stesheni sawasawa, kioo kina majina ya stesheni za Ulaya kama Hilversum na Luxembourg, ila boksi lilikuwa limejaa moshi na mafuta, nyeusi, huoni hata mistari ya mbao.

Alichofanya, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa cha fulana kimekamuliwa mpaka kinakaribia kuwa kikavu, anafuta kasehemu kadogo kama kiganja anakausha papo hapo anahamia pengine. Nilikaa kwenye ndoo nikaangalia. Kitambaa kikawa cheusi tii, akakitupa akachukua kingine, na pale alipopita ikaanza kutokea mbao ya walinati yenye michirizi kabisa, rangi yake ileile ya kiwandani chini ya uchafu wote ule. Juu ya boksi palikuwa na vipasuko vidogovidogo vya laka, akapitisha brashi laini yenye thina kidogo sana, laka ya zamani ikalainika ikajiunga yenyewe, hajaongeza kitu. Hiyo kazi inataka roho ngumu, mi nilikuwa nimeshika kichwa.

Ubavuni vinia ilikuwa imenyanyuka, na hilo kwa Dodoma litawakuta wengi hasa mnaotoa redio Tanga au Dar, huku kiangazi ni kirefu na hewa kavu, mbao inasinyaa gundi inaachia. Mzee anasema msikimbilie gundi nyeupe ya dukani, ile ya zamani ya ngozi ikipata joto na unyevunyevu inashika tena. Alipitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, akabana na vibao viwili usiku kucha, imekaa mpaka leo. Pasi ikizidi laka inatoa malengelenge kwa hiyo msijaribie kwenye redio mnayoipenda.

Grundig yangu ya poliesta yenye ufa aliikataa. "Hii mwanangu siiwezi, nitakuharibia," akanirudishia bila kunidai hata mia. Fundi wa kukwambia hivyo hapa mjini mimi sijakutana naye mwingine.

Sasa mabaya. Anachelewa, akikwambia Ijumaa hajakwambia Ijumaa ya lini. Simu hapokei, labda ukapige hodi. Kitambaa cha spika hagusi kabisa, hapo namwelewa maana vingi vikilowa vinanywea au vinachanika. Na kwenye Philips mwishoni aliongeza mkono mmoja wa nta ikang'aa kuliko ninavyopenda, nilimwambia akaipunguza kwa kuisugua na kitambaa kikavu ila kwa kununa. Nimelipa 60,000, nusu unatanguliza. Wapo watakaosema ni nyingi kwa kufuta vumbi, sawa, nendeni kwa wa msasa.

Umeme wa ndani hafanyi, kwa hiyo toeni mashine na nobu kabla ya kumpelekea boksi. Na wale mnaorudi na redio mkaichomeka ukutani siku hiyohiyo, tulieni, kapasita za karatasi za zamani (vile vipuri vya kutunza chaji) zinavujisha umeme, humo ndani kuna volti 200 na ushee, kwanza aangalie fundi redio, aiwashe kwa kupitisha umeme kwenye balbu kwanza ili usiingie wote kwa mkupuo, na mcheki nyuma kile kiswichi cha volti kisiwe kwenye 110. Na msije mkashangaa FM haifiki mwisho, nyingi za Kijerumani za wakati ule zinaishia megahezi 100 tu, stesheni za juu ya hapo hazishiki hata ufanyeje.

Nampa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile simu. Jumapili hafungui. Kama redio yako ni ya sheleki usimpelekee Januari kwenye mvua, sheleki ikipakwa hewa ikiwa na unyevu inaweka ukungu mweupe na yeye mwenyewe atakurudisha. Spiriti bebeni ya kwenu, maana ile anayopata jirani pale naona kama imetiwa maji.