Kozi za mtandaoni za kumfundisha farasi ukiwa chini: bega-ndani ndiyo, piafe kwa tahadhari

Kozi za video za kumfundisha farasi dresaji, yaani miendo ya ustadi na utii, bila kumpanda siku hizi ni nyingi, na mpangilio wake haupishani sana: kumwongoza kwa kamba, miendo ya ubavu (farasi akienda mbele na kando kwa pamoja), halafu piafe, yaani kukimbia mchakamchaka karibu papo hapo bila kusonga mbele. Sehemu ya katikati nyingi zinaifundisha vizuri kweli. Ya mwisho ichunguze kabla hujalipa.

Kozi ya kuaminika huanza na kavesoni, yaani hatamu isiyo na lijamu, yenye mkanda mzito wa pua na pete. Mkanda huo ukae vidole viwili chini ya ncha ya mfupa wa shavu. Ule wa taya ndio ukazwe vya kutosha, maana ukilegea kavesoni yote inazunguka na ukanda wa upande wa pili unafika kwenye jicho. Farasi ataanza kurusha kichwa, na anayejifunza atadhani ni ukaidi. Kozi inayopita hapa kwa dakika moja haistahili pesa yako.

Bega-ndani, mwendo wa ubavu ambao farasi anafuata ukuta wa uwanja huku mabega yake yakiletwa ndani, ndilo zoezi linaloonyesha thamani ya video. Unamtoa farasi konani kwa duara lenye kipenyo cha mita 8 hadi 10. Mkono mmoja unashika kigwe karibu sentimita 20 kutoka puani, wa pili unashika mjeledi wa sentimita 110 hadi 120, ncha yake ikielekea pale ambapo mguu wa mpandaji ungegusa ubavu. Pembe ni kama digrii 30: ukisimama mbele utaona miguu ikipita kwenye mistari mitatu, mguu wa nyuma wa ndani ukikanyaga mstari uleule wa mguu wa mbele wa nje. Kosa la kawaida ni shingo kupinda huku bega likibaki ukutani, kwa sababu mtu anavuta kichwa badala ya kuleta mabega. Dawa yake si kuvuta zaidi. Rudi kwenye duara, tumia kigwe cha nje kinachopita juu ya mabega, kisha dai hatua tatu tu na usimame. Haya yote kamera huyaonyesha vizuri kuliko maneno, hasa video ikipunguzwa kasi hadi robo.

Nyonga-ndani, ambapo nyonga ndizo zinazoletwa ndani na mabega yakabaki ukutani, yenye digrii 35 na mistari minne, hufuata kwa urahisi ikiwa bega-ndani limekaa sawa pande zote mbili.

Piafe ni habari nyingine. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), ncha ya kwato ya mbele iliyoinuliwa ifike katikati ya mfupa wa chini wa mguu wa mbele mwenzake, na ya nyuma ipande juu kidogo ya kifundo cha mguu wa nyuma mwenzake. Njia ya kufika huko ni kubadilisha mara kwa mara: kutembea, kusimama, hatua mbili za kurudi nyuma, kisha kuondoka papo hapo, mpaka zitokee hatua mbili tatu za kukingama, mguu wa mbele wa upande mmoja ukiinuka pamoja na wa nyuma wa upande wa pili. Zikitokea, mruhusu aende mbele. Mguso wa mjeledi lazima ufike wakati mguu wa nyuma unataka kuacha ardhi. Ukichelewa, unagusa mguu uliokwisha kutua, na farasi anajifunza kurusha teke au kuyumbisha nyonga. Anayemzuia mno kwa mbele humfanya arudishe miguu ya mbele chini ya tumbo, na uzito unabaki mabegani badala ya kuhamia nyuma.

Makosa hayo hayasubiri majibu ya barua pepe. Mwalimu akijibu video yako baada ya siku tano, farasi ameshayarudia makosa hayo katika mazoezi manne au matano. Kwa hiyo kwa piafe chagua kozi yenye masomo ya moja kwa moja, mwalimu akikuona na kukusemesha sikioni wakati unafanya kazi. Kwa mtu aliye mbali na walimu, aliyeko Nairobi kwa mfano, hilo ni bora kuliko maktaba ya video mia.

Unapotuma video, weka simu mwisho wa ukuta, kwenye mstari unaokanyagwa, kwa bega-ndani. Kwa piafe iweke kando, usawa wa goti la farasi. Ukirekodi kutoka juu ya uzio, mwalimu anaona mgongo tu na hawezi kuhesabu mistari.

Malipo ya kila mwezi tunayapinga. Bega-ndani lenye nguvu linachukua miezi, kwa vipindi vya dakika 10 hadi 15, na bili inayokuja kila mwezi inakusukuma kuruka hatua. Tafuta kozi inayobaki kwako baada ya kulipa mara moja. Kabla hujalipa, muulize muuzaji akuonyeshe somo ambalo farasi anakosea na namna mwalimu anavyomrekebisha. Kama farasi wote kwenye video ni waliokwisha fundishwa, unatazama onyesho, si somo.