Mashine ya kukatia maua ya karatasi, na kijana aliyeniita afande

Sina kawaida ya kuandika maoni ya vitu nilivyonunua. Hata pasi iliyoniunguzia gomesi ya Idi niliiacha ipite. Hii haipiti.

Naizungumzia ile mashine ndogo ya mkono ya kukatia maumbo ya karatasi, inayouzwa ndani ya boksi moja na seti ya vibati vya bustani. Ukubwa, uzito, upana wa mdomo wake, hayo yameandikwa kwenye boksi, someni wenyewe. Ambacho hakikuandikwa ni kwamba ndani ya mwili ule wa chuma, nyuma ya kifuniko kizuri cha kijivu, kuna gia ya plastiki. Nyeupe, laini kama sabuni ya kuogea. Na kazi yote ya mashine imetundikwa kwenye hiyo gia.

Mimi hutengeneza kadi kwa mkono nyumbani Bombo, mji mdogo kaskazini mwa Kampala, na nyingi naziuza Kampala kwenyewe. Kadi za harusi, za akika, za kwanjula (ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti), za kumpa pole mgonjwa. Siku hizi kila bibi harusi anataka bustani. Sherehe zenyewe zinafanyika kwenye bustani za kukodi, basi na kadi nayo lazima iwe na majani, vipepeo na uzio mweupe. Zamani nilikuwa nakata kwa mkasi na wembe mpaka kidole kikaota sugu. Vibati vilinitoa kwenye hiyo adhabu, nalisema hilo kwa haki, ingawa leo sina hamu ya kumtendea mtu haki.

Kwa asiyejua: kibati, ambacho Waingereza hukiita "die", ni kipande chembamba cha chuma chenye ukingo mkali upande mmoja, umbo la jani au ua. Unalaza bamba la plastiki, juu yake karatasi ya manila, kisha kibati, makali yakiielekea karatasi, halafu bamba jingine la kufunikia. Rundo hilo unalipitisha katikati ya roli mbili kwa kuzungusha mpini. Linalia kwa-kwa-kwa, unadhani kitu kimevunjika, kumbe ndiyo sauti yake. Unafunua, jani limetoka na mishipa yake yote.

Basi. Ilikuwa msimu wa mvua, kazi ya kwanjula iko mezani, ya familia ya watu wakubwa, na siku zimebana. Nazungusha mpini, jani la kangaga liko katikati ya roli, mara mpini ukawa mwepesi. Roli zimesimama, mpini unazunguka peke yake. Karatasi imebanwa nusu ndani nusu nje, haiendi wala hairudi. Nikavua kifuniko kwa bisibisi ya cherehani ya mama. Meno ya gia yamesagika upande mmoja na ndani kumejaa unga mweupe. Haikuwa imemaliza mwaka, mashine hiyo. Hata nusu yake nadhani haikufika.

Nikaifunga kwenye leso, nikapanda taksi hadi mjini, nikachukua boda na mzigo mapajani mpaka dukani. Duka lenyewe silitaji. Liko ghorofani kwenye jengo mojawapo la maduka katikati ya Kampala, na ngazi zake zinamtosha mtu asiyebeba kitu.

Kijana aliyekuwepo alikuwa anakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Simlaumu mtu kwa kula, saa saba mchana ni saa saba mchana. Nikamsalimu kwa Kiganda changu, ambacho si kibaya. Akaisikia lafudhi, akacheka, akanijibu kwa Kiswahili cha kambini: "Ndiyo, afande!" Wakazi wa Kampala mnaijua hiyo. Ukifungua mdomo kwa Kiswahili wewe ni askari au mwizi, chagua mwenyewe. Baraza la mawaziri la Uganda liliridhia mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwenye lile duka habari bado hazijapanda ngazi.

Nikafungua leso, nikamwonyesha gia. Hakuitazama. Alichokitazama ni kadi niliyokwenda nayo ili aone ninachokata. Akaichukua kwa vidole vile vile vya rolex.

Ngoja niwaambie kadi hiyo ilikuwaje, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Chini ni manila ya krimu, gramu 300, imekunjwa kwa mfupa wa kukunjia ili isipasuke mgongoni. Juu yake majani ya kangaga tabaka tatu za kijani, iliyokoza ikiwa nyuma, na kila jani nimelikunja kidogo kwa kulivuta juu ya kijiti ili lisilale bapa. Kipepeo kimesimama kwa vipande vya ile selotepu ya sponji ambayo mafundi magari hubandikia nembo. Na chungu cha maua nimekikata kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, hudhurungi ya udongo hasa. Karatasi ukiipaka rangi haiwezi kuipata rangi hiyo. Lubugo haifuliki. Tone la mafuta likiingia limeingia. Kidole gumba chake kikakaa katikati ya chungu, na kikaacha alama yake yote, mpaka michirizi ya ngozi inahesabika.

"Nyabo," akasema, yaani mama kwa Kiganda, uafande umekwisha sasa, "hiki ni kitu cha watoto wa nasari kuchezea. Mtu mzima umekifanyia biashara, halafu unashangaa kimekufa?" Akamwita mwenzake wa duka la pili aje amwone mama anayekata maua. Wakacheka wote wawili.

Kitu cha watoto! Sikukilipia bei ya kitu cha watoto. Na kwenye boksi hakuna mtoto, yuko bibi wa Kizungu mwenye mvi na kikombe cha chai, anatabasamu mbele ya kadi zake. Nikamwonyesha huyo bibi. Akahamia kwingine: basi labda niliweka nguo. Kweli lubugo naipitisha humo, sikatai, lakini siku hiyo ndani ya mashine kulikuwa na manila nyepesi tu, na bado ilikuwa imebanwa pale pale kwenye roli mbele ya macho yake. Hata kuinama aangalie hakutaka. Gia haiuzwi peke yake. Garantii ni ya siku saba. Risiti ninayo, lakini haina muhuri. Muhuri anapiga nani? Bosi. Bosi yuko wapi? Guangzhou, China.

Kwa hiyo mnaoniuliza kila siku kwenye WhatsApp ninunue au nisinunue, jibu langu ni usinunue. Nunua mkasi mzuri. Nunua mbuzi.

Ila vibati vyenyewe, hapo ulimi unanibadilika. Vile vya kangaga sijaona mfano wake. Makali hayajafifia hata baada ya kazi ya misimu kadhaa, na jani linatoka na ncha zake zote, hata zile ambazo mkasi usingethubutu kuzisogelea. Mwanzoni vipande vidogo vilikuwa vinang'ang'ania kwenye matundu, navitoa kwa sindano huku nasonya, mpaka nikajua dawa yake ni kuweka karatasi ya nta, ile ya kuokea keki, kati ya kibati na manila. Jani linadondoka lenyewe. Kibati kikihama wakati wa kuingia kwenye roli, kishikilie kwa kipande cha selotepu ulichokwisha kukigusisha kwenye nguo, kipungue ukali, kisije kikachubua karatasi. Na msimu wa mvua usikate manila iliyolala kwenye kabati la ukutani. Inakunywa unyevu, inakuwa laini, na kibati badala ya kukata kinatafuna. Mimi huiweka usiku kucha karibu na jiko la mkaa, mbali kidogo na cheche, asubuhi inakatika safi.

Lubugo ina ukaidi wake. Ipige pasi kwanza, ibandike kwenye karatasi nyembamba kwa gundi nyeupe ya maseremala, ikauke kabisa, kisha tumia maumbo manene tu kama chungu, kipepeo au jani pana. Kangaga usijaribu, nyuzi zitakuaibisha. Tena uangalie unampa nani. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kiganda, aliwahi kunirudishia kadi ya kumpongeza binti yake aliyejifungua, kwa upole kabisa, akanieleza kwamba lubugo ndiyo waliyokuwa wakiwazikia watu wao. Ni kweli kabaka naye huivaa siku ya kutawazwa, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008, lakini mzazi aliyebeba kichanga hawazi UNESCO. Tangu hapo lubugo naiweka kwenye kadi za kwanjula na za wageni wanaonunua kule kwenye vibanda vya sanaa nyuma ya National Theatre. Wao wanaigombania.

Sasa ubaya wa hiyo seti, ambao hauhusiani na gia wala na yule kijana, ingawa leo kila kitu nakiona kina vidole vyake. Bustani iliyomo si ya kwetu. Kuna tulipu. Kuna nyumba ya ndege iliyotundikwa mtini, kama kwamba ndege wa Uganda wanangoja kujengewa. Kuna toroli, debe la kumwagilia, waridi za kila namna. Mgomba hakuna. Mteja mmoja wa Luwero aliigeuzageuza kadi yangu, akaisifia, kisha akauliza bustani gani hii isiyo na hata mkungu mmoja wa matoke. Nilikosa jibu. Nikaanza kutengeneza jani la mgomba mwenyewe: nakata kwa mkasi umbo refu, nalichana pembeni kama upepo unavyolichana, na mshipa wa kati nauchora kwa kalamu iliyokwisha wino. Inachukua muda, lakini ndiyo kadi inayonunuliwa haraka kuliko zote. Bogenvilia pia haimo, wala korongo wa kwenye bendera. Wanaotengeneza hivi vibati wangetuma mtu mmoja tu apite barabara ya Entebbe na macho wazi.

Mashine niliipeleka Katwe, mtaa wa mafundi vyuma wa Kampala. Nilikwenda kwa hasira, nikitaka tu niambiwe haifai niitupe. Fundi mmoja anayekereza vyuma, mikono yote grisi, akaifungua, akaitoa ile gia, akaigeuza kwenye mwanga. "Hajati," akaniambia (hija sijaenda, lakini ukivaa mtandio Katwe unapewa cheo), "hii waliiweka ya plastiki kwa makusudi." Akaniuliza inafanya kazi gani. Nikatoa kadi, ile ile yenye alama. Nilipomnyooshea, akarudisha mikono nyuma. "Ishike wewe, Hajati, mimi nina mafuta." Akainama, akaitazama hapo hapo mkononi mwangu, muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akataka kujua kipepeo kimesimamaje.

Akakereza kipande cha shaba, akachonga meno kwa tupa moja moja, akanirudishia mashine baada ya siku chache kwa bei ambayo yule wa dukani angeiona haba kwa kufungua mdomo tu. Kazi ya kwanjula ilitoka. Majani mengine yalikatwa kwa mkasi, na mdogo wangu bado ananidai usingizi wake.

Na sasa ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu mashine hii, ikiwa na gia ya shaba, ni nzuri. Inapitisha lubugo bila kulalamika. Haitaki umeme, na mnajua maana yake Bombo jioni. Mpini unalia kidogo zaidi kuliko zamani, na nguvu iliyokuwa inaishia kwenye gia sasa inakwenda kwenye mabamba ya kukatia, yamepinda vibaya. Huwa nayageuza juu chini kila baada ya kupitisha ili yajinyooshe, na najua siku moja litapasuka moja. Mabamba angalau yanauzwa peke yake.

Nilisema usinunue. Basi nunua, kama Katwe si mbali na wewe. Vibati nunua bila kuuliza. Lakini usinunue pale, nami sitarudi pale hata wakileta kibati cha mgomba wenye mkungu, na nakitaka hicho kibati kuliko ninavyopenda kukiri. Kama unayo tayari na mpini umeanza kuruka ukizungusha, acha hapo hapo. Vua skrubu za kifuniko cha upande wa mpini, utazame kama kuna unga mweupe. Ukiuona, wahi kuitoa hiyo gia kabla meno hayajaisha kabisa, maana fundi anahitaji angalau machache mazima ya kupimia.